Kiswahili, Nasaba na Kitabu cha Picha: Watoto wa Wamarekani Weusi na Lugha ya Afrika Mashariki, 1965–1977

1. Utangulizi

Wanaoandika historia ya Kiswahili wameshughulika mno na kuenea kwake kwa njia ya biashara, dini, utawala na shule. Wametueleza jinsi lugha hii ilivyofuata misafara kutoka pwani hadi Tabora, Ujiji na Kongo. Jinsi kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilivyosanifisha maandishi yake. Na jinsi ilivyotumika majukwaani wakati wa kupigania uhuru. Iko njia nyingine, nyembamba na ya mbali, ambayo yastahili kuangaliwa na wanafunzi wa lugha hii. Njia hiyo ni kitabu cha picha cha mtoto mdogo.

Katika miaka ya 1970 vilitokea Marekani vitabu kadhaa vya picha ambavyo viliweka maneno ya Kiswahili mbele ya watoto weusi wa nchi ile. Watoto hao hawakuwa na baba wala mama aliyekisema. Babu zao wengi walitoka upande mwingine wa bara la Afrika. Hata hivyo maneno hayo walipewa kama urithi wa ukoo, wala si kama somo la lugha ya kigeni. Hapo ndipo linapozuka swali la makala haya: je, lugha yaweza kuwa urithi wa watu ambao wahenga wao hawakuisema? Na kama yaweza, ni sehemu gani ya lugha ipitayo katika kitabu cha picha, na ni sehemu gani ibakiayo nje?

Kwa kitabu cha picha tunakusudia kitabu ambacho picha na maneno hubeba mzigo mmoja kwa pamoja, hata kimoja kikiondolewa, cha pili hupungukiwa na maana. Kitabu cha namna hiyo hakisomwi na mtoto peke yake. Husomwa na mtu mzima huku mtoto akitazama. Kwa hiyo ni maandishi yaliyo karibu sana na masimulizi ya jioni, na ni chombo cha jamaa kabla hakijawa chombo cha shule.

2. Pengo katika rafu za vitabu

Haja ya vitabu hivyo haikuanza miaka ya 1960. Kuanzia Januari 1920 hadi Desemba 1921 W. E. B. Du Bois, akisaidiwa na Jessie Fauset na Augustus Dill, alitoa gazeti la watoto liitwalo The Brownies' Book. Zilitoka nakala 24, kisha likafa. Nia yake ilikuwa kuwaonyesha watoto weusi kwamba wao na watu wao walikuwa na uzuri, historia na mashujaa, wakati ambapo vitabu vingi vya watoto vilimchora mtu mweusi kama kichekesho. Mfano ujulikanao sana wa vitabu vya aina hiyo ni Little Black Sambo cha Helen Bannerman, kilichotoka London mwaka 1899 na kuendelea kusomwa Marekani kwa vizazi kadhaa.

Ukubwa wa pengo ulipimwa mwaka 1965. Nancy Larrick, mtaalamu wa usomaji, alichapisha katika gazeti la Saturday Review makala iliyotikisa wachapishaji. Alichunguza vitabu 5,206 vya watoto vilivyotolewa katika miaka ya 1962, 1963 na 1964. Vitabu vilivyokuwa na mtu mweusi hata mmoja, katika maneno au katika picha, vilikuwa 349 tu, yaani asilimia 6.7. Na katika hivyo 349, karibu asilimia 60 vilimweka mtu mweusi nje ya Marekani au katika wakati uliotangulia Vita Vikuu vya Pili. Vilivyosimulia maisha ya Wamarekani weusi wa siku zile havikufikia hata kimoja katika kila vitabu mia.

Yafaa kusisitiza kwamba pengo hilo lilikuwa la namna mbili. Kwanza, mtoto mweusi hakujiona. Pili, hata alipojiona, hakuona nyuma yake. Mwaka 1962 Ezra Jack Keats alitoa The Snowy Day, hadithi ya mtoto mweusi achezaye thelujini, na mwaka uliofuata kikatunukiwa medali ya Caldecott, ambayo hutolewa Marekani kwa mchoraji wa kitabu bora cha picha cha mwaka. Kitabu hicho kilipendwa, na kwa haki. Lakini Rudine Sims, katika uchunguzi wake wa mwaka 1982 kuhusu vitabu 150 vilivyotoka kati ya 1965 na 1979, aliviweka vitabu vya namna hiyo katika kundi la vitabu vinavyomfanya mtoto mweusi awe sawasawa na mtoto mwingine yeyote: ana rangi, hana mapokeo. Mtoto yumo kitabuni, ila ukoo wake haumo. Ni pengo hili la pili ambalo Kiswahili kiliitwa kuja kuliziba.

3. Kwa nini Kiswahili

Historia ya utumwa yatuonyesha kwamba kati ya watu milioni 12.5 waliopakiwa melini kuvushwa bahari ya Atlantiki, yapata 388,000 walifikishwa moja kwa moja Amerika ya Kaskazini. Wengi wao walitoka Senegambia, Pwani ya Dhahabu, ghuba ya Biafra, na nchi za Kongo na Angola. Waliotoka pwani ya mashariki, hasa Msumbiji na Bukini, walikuwa sehemu ndogo. Kwa hoja ya nasaba tupu, basi, lugha za kurejewa zingalikuwa Kimende, Kiakan, Kiyoruba, Kiigbo au Kikongo.

Lakini nasaba tupu ndiyo iliyokuwa imekatwa. Mtoto wa Chicago hakuwa na njia ya kujua kama bibi wa bibi yake alikuwa Mmende au Mkongo, kwa maana wauzaji waliandika idadi ya watu na bei yao, hawakuandika koo zao. Wahenga wetu walisema kwamba mwacha mila ni mtumwa. Kwa watu hawa methali hiyo iligeuzwa juu chini. Hawakuacha mila wakawa watumwa. Walifanywa watumwa ndipo wakanyang'anywa mila. Asiyejua kabila lake hawezi kuchagua lugha ya kabila moja bila kujibandika ukoo usio wake. Kiswahili kilikuwa na sifa iliyofaa hali hiyo: kilikuwa lugha ya Kiafrika ambayo wengi wa wasemaji wake hawakuidai kwa damu. Mnyamwezi, Mkamba na Mmanyema walikuwa wameipokea bila kuacha kuwa Wanyamwezi, Wakamba na Wamanyema.

Fauka ya hayo, wakati ulikuwa wake. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961 na Kenya mwaka 1963, na Kiswahili kilisikika katika siasa za nchi zote mbili. Mwalimu Nyerere alieleza falsafa ya Ujamaa mwaka 1962, akaijenga juu ya wazo la jamaa. Huko Los Angeles, mwaka mmoja baada ya machafuko ya Watts ya Agosti 1965, Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa. Jina lake latokana na matunda ya kwanza, na a ya pili iliongezwa mwishoni ili herufi zitimie saba. Nguzo zake saba zote zina majina ya Kiswahili: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba na Imani. Kwanzaa ni sikukuu ya nyumbani, na watoto wana nafasi yao katika kuwasha mishumaa. Kwa hiyo, kabla kitabu cha kwanza cha picha cha Kiswahili hakijachapishwa Marekani, palikuwa na nyumba ambazo maneno haya yalikwisha kutamkwa mbele ya watoto.

4. Kuhesabu na kuamkia: vitabu vya Muriel na Tom Feelings

Tom Feelings alizaliwa Brooklyn mwaka 1933. Kati ya 1964 na 1966 aliishi Ghana ya Kwame Nkrumah akifanya kazi ya uchoraji, na mwaka 1968 alichora picha za To Be a Slave, kitabu cha Julius Lester kilichokusanya ushuhuda wa waliokuwa watumwa. Muriel Feelings alikuwa mwalimu wa sanaa aliyefundisha Kampala katika miaka ya 1960. Kwa pamoja walitoa Zamani Goes to Market mwaka 1970, Moja Means One mwaka 1971, na Jambo Means Hello mwaka 1974. Vile viwili vya mwisho vilipata heshima ya Caldecott, cha kwanza mwaka 1972 na cha pili mwaka 1975. Tom Feelings alikuwa msanii mweusi wa kwanza wa Marekani kupewa heshima hiyo.

Moja Means One ni kitabu cha kuhesabu kutoka moja hadi kumi. Moja ni mlima Kilimanjaro. Mbili ni watoto wawili wachezao mchezo wa mashimo na kete. Nne ni akina mama waliobeba watoto migongoni. Kumi ni kikao cha wanaosikiliza hadithi. Picha zimechorwa kwa vivuli na mwanga, bila rangi kali, na kila picha hutanda kurasa mbili. Msomaji atambue mpango wake: hesabu yaanza na mlima ambao hakuna aliyeujenga, yaishia kwa watu waliokaa pamoja kusikiliza masimulizi. Kuhesabu kumegeuka kuwa njia ya kwenda nyumbani.

Mwanaisimu, hata hivyo, ataona jambo jingine. Katika Kiswahili mtoto hahesabu vitu kwa moja, mbili, tatu. Husema mlima mmoja, watoto wawili, miti mitatu, mama wanne. Namba hizo huvaa vazi la nomino inayohesabiwa. Kitabu kinatoa namba katika umbo lake la kuhesabia tu, pamoja na matamshi, kisha sentensi ya Kiingereza ndiyo inayobeba maelezo. Msomaji wa Marekani hupata neno, wala hapati upatanisho. Twaweza kusema hapo ndipo mpaka wa kitabu cha picha kama chombo cha urithi: majina huvuka bahari kwa urahisi, ngeli hazivuki.

Pana na hazina ambayo kitabu hakikuweza kuionyesha. Mtoto akisema moja, mbili, tatu, nne, tano, ametaja maneno ya asili ya Kibantu. Akisema sita na saba ametaja maneno yaliyotoka Uarabuni. Nane na kumi yamrudisha kwenye Kibantu, ilhali tisa, iliyo baina yao, ni ya Kiarabu. Zamani palikuwa na tandatu, fungate na kenda. Kenda bado yasikika kwa wazee, na fungate imebaki kama jina la siku saba za maarusi. Hivyo hesabu ya kumi ni masimulizi mafupi ya historia ya pwani yetu. Mwalimu atakaye kuonyesha jinsi tamaduni mbalimbali zinavyokutana katika nyumba moja hana haja ya kwenda mbali. Ahesabu vidole vya mikono miwili.

Jambo Means Hello lina somo la aina hiyo katika jina lake lenyewe. Msemaji wa Kiswahili huamkia kwa hujambo na kujibiwa sijambo; wakiwa wengi, hamjambo na hatujambo. Nafsi ya anayeamkiwa na nafsi ya anayejibu zimo ndani ya neno. Jambo lenyewe, bila kiambishi, ni salamu tuliyowazoesha wageni. Haifai kumlaumu mwandishi kwa hilo, kwani alichukua salamu aliyoitoa mwenyeji mdomoni mwake alipomwona mgeni. Lakini maana yake ni nzito. Kitabu kilichokusudiwa kumrudisha mtoto nyumbani kilimkaribisha kwa salamu ya mgeni. Neno lililokosekana lilikuwa silabi moja, nayo ndiyo iliyobeba mtu.

5. Alfabeti mbili

Jambo Means Hello ni kitabu cha alfabeti, nacho kina herufi 24. Q na X hazimo, kwa kuwa maandishi sanifu ya Kiswahili hayazitumii. Mtoto wa Marekani aliyezoea herufi 26 alikutana na lugha ambayo haikujinyoosha ili kujaza viti vya lugha nyingine. Maneno yaliyochaguliwa ni ya nyumba na ujirani: arusi, baba, heshima, karibu, ngoma, rafiki, watoto. Arusi, kwa umbo hilo, ndiyo tahajia iliyozoeleka katika kamusi za zamani, ingawa wengi wetu leo twaandika harusi. Kila neno ni mlango wa tendo la kijamaa, na picha yaonyesha tendo lenyewe likifanyika.

Tukilinganisha kitabu hicho na Ashanti to Zulu cha Margaret Musgrove, kilichotoka mwaka 1976, tofauti yaonekana wazi. Hiki nacho ni kitabu cha alfabeti, lakini kila herufi ni ya kabila moja la Afrika, na herufi ni 26 za Kiingereza. Q imepewa Wakimbande, ambao jina lao limeandikwa Quimbande, na X imepewa Waxhosa. Afrika Mashariki imo kwa Wachaga, Waikoma, Wajie, Wamaasai na Warendille. Wachoraji, Leo na Diane Dillon, walijitahidi kuonyesha katika picha nyingi mwanamume, mwanamke, mtoto, makao, chombo na mnyama wa mahali hapo, na kwa kazi hiyo walipata medali ya Caldecott mwaka 1977. Walikuwa wameipata pia mwaka uliotangulia, na Leo Dillon alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuitwaa medali yenyewe.

Vitabu vyote viwili vyafundisha kwamba Afrika ni nyingi. Ila kimoja hufanya hivyo kwa kuyapanga makabila katika safu, kila moja na ukurasa wake na desturi yake moja. Njia hiyo huonyesha upana, na ubaya wake ni kwamba watu hawakutani. Mchaga wa ukurasa wa C hamjui Mmaasai wa ukurasa wa M, ingawa kwa kweli wamekuwa wakiuziana na kuoana katika miteremko ya mlima uleule. Kitabu cha pili huchukua lugha moja na kuingia nayo nyumbani. Hakitaji makabila mengi, lakini kinaonyesha watu wakiamkiana, wakialikana na kucheza ngoma pamoja. Maadam utamaduni ni mahusiano kabla haujawa mavazi, njia hii ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli wa maisha yetu.

6. Mtoto aitwaye Ujamaa

Mwaka 1973 mshairi Lucille Clifton alitoa All Us Come Cross the Water, kikiwa na picha za John Steptoe. Humo neno la Kiswahili si somo. Ni jina la mtoto. Mvulana aitwa Ujamaa. Mwalimu wake shuleni amwita Jim. Siku moja mwalimu awataka wanafunzi waeleze jamaa zao walitoka nchi gani, na Ujamaa hana jibu la kumpa. Aenda kuwauliza watu wake, mmoja baada ya mwingine, wakubwa kwa wazee.

Katika kitabu hiki swali letu limewekwa waziwazi. Mtoto ana jina la Afrika Mashariki, nayo kumbukumbu anayopewa na wazee yaelekea Afrika Magharibi. Mwanahistoria mkali angesema kwamba jina lina kosa la ramani. Clifton hakuona kosa, akaviacha vyote viwili vikae pamoja katika nyumba moja. Kumbukumbu ya bibi ni urithi ulioshushwa kwa damu na masimulizi. Jina ni urithi uliochaguliwa na wazazi kwa ajili ya kesho. Na mwisho wa hadithi, kama kichwa cha kitabu kisemavyo, ni kwamba wote walivuka maji. Ujamaa, maana yake ikiwa ni hali ya kuwa jamaa, ndilo jina pekee linaloweza kuwakusanya watu waliovuka maji kutoka bandari tofauti.

Yafaa pia tuangalie namna Clifton alivyompeleka mtoto kwa wazee. Kitabu hakimpi Ujamaa jibu kutoka kwenye ramani ya shule. Chamfanya aulize nyumbani. Hilo ndilo tendo ambalo kila kitabu cha urithi kingepaswa kulizusha: mtu mzima asomaye aulizwe na mtoto atazamaye, kitabu kiwekwe kando, masimulizi yaanze.

7. Pingamizi na jibu lake

Wapo waliopinga matumizi haya ya Kiswahili kwa hoja kwamba si lugha ya mababu wa Wamarekani weusi. Hoja hiyo ni ya kweli na haifai kufichwa. Kazi ya Lorenzo Dow Turner, Africanisms in the Gullah Dialect ya mwaka 1949, ilikwisha kuonyesha kwamba lugha za mababu hazikufa zote. Katika visiwa na pwani za South Carolina na Georgia alikusanya maelfu ya majina na maneno ya asili ya Kiafrika. Katika miaka ya 1930, huko Harris Neck, Georgia, alimrekodi Amelia Dawley akiimba wimbo ambao baadaye ulitambuliwa kuwa wa Kimende. Dawley hakujua maana yake, lakini alimfundisha binti yake, Mary Moran. Mwaka 1997 Mary Moran alifika Sierra Leone, akamkuta mwanamke aliyeujua wimbo huo, na maana yake ikadhihirika: ulikuwa wimbo wa maziko.

Tukiweka kisa hicho kando ya vitabu tulivyovichambua, twaona aina mbili za urithi zilizopinduana. Wimbo wa Dawley ulikuwa na ukoo bila maana. Kiswahili cha vitabu vya picha kilikuwa na maana bila ukoo. Wa kwanza ulipita kutoka mdomo hadi sikio kwa karne mbili hivi, na maneno yakabaki ilhali ufahamu ulipotea. Cha pili kilipita kwa karatasi katika muda wa miaka michache, na ufahamu ukafika ilhali mazungumzo hayakufika. Kila kimoja kilihitaji kile ambacho mwenzake alikuwa nacho.

Na hata kwa hoja ya nasaba, Kiswahili si mgeni kabisa. Wakongo ni miongoni mwa waliopelekwa Marekani kwa wingi, na lugha yao ni ndugu wa Kiswahili katika ukoo wa Kibantu. Neno goober, litumikalo kusini ya Marekani kwa karanga, latokana na nguba ya Kikongo. Asemaye muntu na asemaye mtu, asemaye nsi na asemaye nchi, ni watoto wa nyumba moja. Mtoto wa Georgia aliyefundishwa neno watoto alikuwa akifundishwa neno la binamu wa babu yake.

Jibu kubwa zaidi, hata hivyo, liko kwetu wenyewe. Wasemaji wengi wa Kiswahili wa leo katika Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo hawakukirithi kwa babu. Mtoto wa Nakuru ambaye baba yake ni Mluo na mama yake ni Mkamba hujibiwa kwa Kiswahili na wote wawili. Kwake yeye lugha hii ni ya nyumbani kwa sababu ndiyo wazazi wake walimokutana. Tukisema kwamba urithi ni ule tu ulioshuka kwa damu, basi tumewanyima mamilioni ya watu wetu lugha yao. Kinachoifanya lugha kuwa urithi ni kutumiwa mbele ya mtoto kila siku, mpaka mtoto asikumbuke alipoanza kuijua.

8. Na kwetu je?

Wakati vitabu hivyo vikitunukiwa huko ng'ambo, hali ya kitabu cha picha hapa kwetu ilikuwa tofauti. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, na East African Publishing House, iliyoanzishwa mwaka 1965, zilifanya kazi kubwa ya kutoa vitabu katika Kiswahili na lugha nyingine. Lakini soko lilikuwa shule, na shule ilitaka kitabu cha kufundishia kusoma. Picha ikawa msaidizi wa neno, ndogo na yenye rangi moja, iliyowekwa pembeni ili mwanafunzi abahatishe maana. Kitabu cha kupakatwa jioni, mtoto akiwa kifuani mwa mama, hakikuwa na mnunuzi wa uhakika.

Mabadiliko yalikuja polepole. Mwaka 1991 ulianzishwa Dar es Salaam Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, uliowahakikishia wachapishaji ununuzi wa sehemu ya nakala na kuzipeleka shuleni, na kwa njia hiyo hadithi nyingi za Kiswahili zenye picha zikapata uhai. Tangu 2014 mradi wa African Storybook, ulioanzia Afrika Kusini na kufanya kazi nchini Kenya pia, umeweka hadithi za picha katika lugha nyingi, hadithi ileile ikiweza kusomwa kwa Kiswahili, Kiturkana au Kimaasai. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na papo hapo ikaitaka dola kulinda wingi wa lugha za wananchi. Hivyo tumepewa kisheria kazi ileile ambayo Muriel Feelings na Lucille Clifton waliifanya kwa hiari: kumwonyesha mtoto kwamba lugha ya wote na ukoo wa kila mmoja havigombani.

Somo tulipatalo kutokana na vitabu vya Marekani ni la aina tatu. La kwanza, kitabu cha urithi kisiishie kwenye nomino. Mtoto asipewe mlima na namba tu, bali mlima mmoja na milima miwili, kwani upatanisho ndio unaoonyesha jinsi lugha inavyoyahusisha mambo. La pili, tusiyapange makabila katika safu kama vitu vya jumba la makumbusho. Tuwachore wakiwa katika nyumba moja, soko moja, arusi moja, kama waishivyo. La tatu, kila kitabu kiache nafasi ya swali ambalo jibu lake halimo kitabuni, ili mtoto alipeleke kwa mzee.

9. Hitimisho

Rudine Sims Bishop aliandika mwaka 1990 kwamba vitabu vya watoto vyaweza kuwa kioo, dirisha na mlango. Kwa mtoto mweusi wa Marekani wa miaka ya 1970 Kiswahili kilikuwa vyote vitatu kwa kiasi: kioo cha sura yake, dirisha la nchi asiyoijua, na mlango uliofunguliwa nusu. Hata hivyo pengo la mwanzo halikuzibwa upesi. Mwaka 1985, wahesabuji wa chuo kikuu cha Wisconsin walipoanza kufuatilia jambo hili, katika vitabu vipatavyo 2,500 vya watoto vilivyotoka Marekani mwaka huo, vilivyotungwa au kuchorwa na Wamarekani weusi vilikuwa 18.

Mlango huo ulifunguliwa nusu kwa sababu upande wa pili hapakuwa na wa kuuvuta. Lugha ilikuwa yetu, lakini vitabu vilitungwa, vikachorwa na kuhakikiwa na wenzetu wa ng'ambo. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu vyetu zina wajuzi wa ngeli, wa mashairi na wa lahaja. Zikiwaweka wajuzi hao pamoja na wachoraji, na kuanza kuona kitabu cha mtoto wa miaka minne kuwa kazi inayostahili elimu yao, huenda mtoto mwingine, wa hapa au wa ng'ambo, akaamkiwa kwa hujambo kamili, naye akajua namna ya kuitikia.